Maswali ya Wasomaji: Waliofuata Bei Ilikoelekea

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyoeleza kwamba wapo watu waliotajirika katika masoko ya fedha bila kutabiri lolote. Walisubiri bei ianze kuelekea upande mmoja, wakaingia sokoni upande huohuo, na wakatoka bei ilipogeuka, huku wakiongozwa na kanuni walizokuwa wameziweka mapema. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na baadhi zimeuliza mambo ambayo makala ile ilipaswa kuyagusa. Tumechagua zile zilizokwenda kwenye kiini cha jambo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni shabiki wa Liverpool, na rafiki yangu anashikilia kwamba mmiliki wa klabu hiyo alipata fedha zake kwa kucheza kamari ya soya. Je, ni kweli, na anahusikaje na watu mliowaandika?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amepatia kwenye soya lakini amekosea kwenye kamari. John W. Henry alizaliwa mwaka 1949 mjini Quincy, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kwenye familia ya wakulima wa soya. Aliingia sokoni kwa mlango ambao wakulima wa huko wameutumia kwa vizazi vingi, yaani mikataba ya baadaye. Mikataba hiyo ni makubaliano ya kuuza au kununua kiasi maalumu cha bidhaa kwa bei inayowekwa leo, wakati makabidhiano yatafanyika miezi kadhaa ijayo. Mkulima ambaye mazao yake bado yako shambani huuza mkataba wa namna hiyo ili bei ikiporomoka kabla ya mavuno asiumie.

Henry aliona kuwa bei za mazao zikishaanza safari huenda mbali kuliko watu wanavyodhani, akatunga kanuni za kuzifuata, na mwaka 1981 akaanzisha kampuni ya kusimamia fedha za watu wengine kwa kanuni hizo. Hazikuuliza habari za mvua, ukubwa wa mavuno wala hotuba za mawaziri wa fedha. Ziliuliza bei ya leo ikoje ikilinganishwa na ya wiki zilizopita, na kwa sababu hiyo ziliweza kutumika kwa yeni ya Japani, dhahabu au hati fungani za serikali bila kubadilishwa. Kikundi alichokiongoza kilinunua timu ya besiboli ya Boston Red Sox mwaka 2002, na Oktoba 2010 kampuni yao ikainunua Liverpool kwa pauni milioni 300. Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia habari yake. Sisi tunaongeza kwamba mwaka 2012 kampuni yake ya uwekezaji ilitangaza kuacha kusimamia fedha za wateja, baada ya miaka kadhaa ya matokeo yasiyoridhisha na wateja wengi kuondoka. Mafanikio na anguko lake vyote vilitokana na mfumo uleule, na hilo tutalirudia tukijibu barua nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimestaafu kazi ya uhasibu na ninapenda kujua asili ya mambo. Ni nani hasa aliyekuwa wa kwanza kuifanya biashara hii kwa kanuni zilizoandikwa? Nimesoma kuhusu wafanyabiashara wa mchele wa Japani, na wengine humtaja Jesse Livermore.

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Wote hao wanastahili kutajwa, ingawa si kwa jambo hasa unalouliza. Soko la mchele la Dojima, mjini Osaka, lilipata idhini ya watawala wa Japani mwaka 1730, na humo watu walinunua na kuuza mchele ambao haukuwapo mbele ya macho yao. Mwanauchumi David Ricardo wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1823, anasimuliwa kuwa alikuwa akiwausia wenzake wakate hasara mapema na kuiacha faida iendelee, ingawa maneno hayo yalichapishwa na mwandishi mwingine miaka mingi baada ya kifo chake. Livermore, mfanyabiashara wa hisa wa Marekani, naye aliusoma mwendo wa bei kwa ustadi wa ajabu, akavuna mamilioni ya dola soko la hisa la New York lilipoanguka mwaka 1929, na kufikia mwaka 1934 akawa amefilisika tena. Alichokuwa nacho kilikaa kichwani mwake na kilibadilika kulingana na hali ya moyo wake. Kanuni ambayo mtu anaweza kuiandika, akampa mtu wa pili asiyemfahamu, na huyo wa pili akafikia uamuzi uleule siku ileile, ni kitu kingine, na kwa hiyo heshima kubwa zaidi tunampa Richard Donchian.

Donchian alizaliwa mwaka 1905 mjini Hartford, Connecticut, na wazazi waliokuwa wahamiaji wa Kiarmenia. Alihitimu masomo ya uchumi Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1928 na kujiunga na biashara ya mazulia ya familia. Mwaka uliofuata soko la hisa lilianguka na kuondoka na akiba yake, naye, badala ya kuliapiza, akaanza kuchunguza michoro ya bei. Mwaka 1949 alianzisha Futures, Inc., mfuko ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kwanza kuwakaribisha wananchi wa kawaida kuchangia mtaji wa biashara ya mikataba ya bidhaa kwa pamoja. Wazo la kuchanganya bidhaa nyingi katika mfuko mmoja, ili hasara ya pamba ifidiwe na faida ya ngano, lilikuwa geni kwa watu waliozoea kuona kila mtaalamu aking'ang'ania bidhaa yake moja.

Mwaka 1960, akiwa katika kampuni ya udalali ya Hayden Stone, alianza kuwatumia wateja barua ya kila wiki iliyoeleza kanuni zake waziwazi. Mbili kati ya hizo bado zinafundishwa. Ya kwanza ni kanuni ya wiki nne: bei ikipita kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa katika wiki nne kamili zilizotangulia, nunua, ikishuka chini ya kiwango cha chini kabisa cha wiki hizo nne, uza. Ya pili hutumia wastani unaosogea. Kila siku unajumlisha bei za kufungia soko za siku 20 zilizopita na kugawanya kwa 20. Kesho yake unaiondoa ile ya zamani kuliko zote na kuiingiza mpya. Unafanya vivyo hivyo kwa siku 5. Wastani wa siku 5 ukivuka na kuwa juu ya ule wa siku 20, maana yake bei za karibuni zinakwenda juu kuliko zile za mwezi mzima, na unanunua. Ukivuka kwenda chini, unauza. Donchian aliongeza masharti madogo ya kupunguza dalili za uongo, lakini mifupa ya kanuni ni hiyo, na wewe mhasibu utakubali kwamba penseli na daftari la mistari vinatosha kabisa.

Kwa miaka mingi hakusikilizwa sana. Bei za bidhaa nyingi zilitulia katika miaka ya 1950 na 1960, na mfuata mwelekeo hana cha kufuata mahali bei inapozunguka palepale. Sifa zilimjia uzeeni, katika miaka ya 1970, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kuchukua pensheni. Alifariki mwaka 1993.

SWALI: Mhariri, ninasoma masuala ya kompyuta chuoni. Mliandika kwamba kompyuta ziliingia katika biashara hii mapema sana. Zilifanya nini hasa wakati huo, na je, ni kweli kwamba zilijua kuliko wataalamu?

JIBU: Hazikujua lolote, ndugu yetu, na faida yao ilitokana na huko kutojua. Mtu anayetajwa zaidi hapa ni Ed Seykota, aliyezaliwa mwaka 1946 na kuhitimu uhandisi wa umeme katika taasisi ya teknolojia ya MIT nchini Marekani mwaka 1969. Aliisoma barua ya Donchian, akataka kuhakikisha kama kanuni zile zingefanya kazi kwa bei za miaka iliyopita. Programu na data viliandikwa kwenye kadi za matundu na kulishwa kwenye kompyuta kubwa iliyojaza chumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, kujaribu namna kama 100 za mifumo minne sahili, kwa bidhaa 10 na kwa bei za miaka 10, kulichukua takriban nusu mwaka. Alipohojiwa na mwandishi Jack Schwager mwishoni mwa miaka ya 1980 alisema kwamba kazi ileile ingemalizika kwa siku moja kwenye kompyuta ya mezani, na leo simu yako ingeimaliza kabla hujaketi vizuri.

Kisa chake cha sukari kinafundisha kuliko hesabu hizo. Kampuni ya udalali aliyoifanyia kazi ilikubali kuutumia mfumo wake kwa fedha za wateja. Siku moja mfumo ukatoa amri ya kununua sukari, ambayo wakati huo iliuzwa karibu senti 5 kwa ratili. Wakubwa wa kampuni wakaona bei imekwisha kupanda mno, wakaamua kutonunua. Bei ikaendelea kupanda. Wakajitungia sharti kwamba watanunua bei ikirudi nyuma kidogo, pointi 20 tu, yaani sehemu ya tano ya senti, lakini haikurudi. Wakalilegeza sharti lao mara kadhaa, na bei ikazidi kuwaacha, mpaka ilipokaribia senti 9 wakakubali kwamba kweli inapanda, wakanunua. Muda mfupi baadaye bei ikafika kileleni na kugeuka. Mfumo ulikuwa sahihi, kompyuta ilikuwa sahihi, na wateja hawakupata walichostahili kwa sababu mtu aliyeketi kati ya kompyuta na soko alikuwa na maoni yake. Seykota aliondoka na kuanza kusimamia fedha mwenyewe. Schwager ameandika kwamba akaunti mojawapo iliyoanza na dola 5,000 mwaka 1972 ilikuwa imekua kwa zaidi ya asilimia 250,000 kufikia katikati ya mwaka 1988. Ni takwimu ya kusisimua, nasi tunaitaja kwa sababu imetajwa kila mahali, lakini akaunti moja bora iliyochaguliwa kati ya nyingi haipaswi kuwa kipimo cha biashara nzima.

Wakati nao ulimsaidia. Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu, thamani za sarafu zikaanza kuelea, na Mei 1972 soko jipya la Chicago likaanza kuuza mikataba ya sarafu. Kisha ukaja mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 na mfumuko wa bei uliodumu kwa miaka. Bei zilizokuwa zimefungwa kwa amri za serikali zikaachiwa, nazo zikaenda mbali. Kanuni za Donchian, zilizokuwa zimekaa kama wavu kwenye maji matupu, zikakutana na samaki.

Katika Ulaya jambo hili lilishika mizizi baadaye kidogo. Mwaka 1987, mjini London, vijana watatu waliosoma fizikia, Michael Adam, David Harding na Martin Lueck, walianzisha kampuni iliyochukua herufi za mwanzo za majina yao, AHL. Kampuni ya fedha iitwayo Man iliichukua yote kufikia mwaka 1994, na mwaka 1997 waanzilishi hao walitokea tena na kampuni mpya: Harding akiwa na kampuni ya Winton, wawili wengine wakiwa na ya Aspect. Sehemu kubwa ya biashara hii katika London inaweza kufuatiliwa nyuma hadi kwa hao watatu.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimechoka kusoma kwamba watu fulani walikuwa na kanuni bila kuonyeshwa kanuni yenyewe. Naomba hesabu kamili ya wale wanafunzi wa Richard Dennis, kama inajulikana.

JIBU: Dada mwalimu, inajulikana, na ombi lako ni la haki. Kwanza habari zenyewe kwa ufupi. Richard Dennis alizaliwa Chicago mwaka 1949 na kuanza kazi ya utarishi katika ukumbi wa soko akiwa na umri wa miaka 17. Kwa kuwa sheria haikumruhusu kufanya biashara mwenyewe, baba yake alisimama ukumbini kwa niaba yake naye akimpa ishara. Baadaye alikopa dola 1,600 kwa familia yake; dola 1,200 zilinunua kiti, yaani haki ya kufanya biashara ukumbini, katika soko dogo la MidAmerica, zikabaki dola 400 za mtaji. Katika miaka kumi na kidogo alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara matajiri kuliko wote Chicago. Rafiki yake William Eckhardt, mwanahisabati, aliamini kwamba kipaji cha namna ile huzaliwa nacho mtu. Dennis aliamini kinafundishika. Mwishoni mwa mwaka 1983 walitangaza magazetini kutafuta wanafunzi, maombi zaidi ya 1,000 yakaja, na kikundi cha watu kumi na kitu kikafundishwa kwa wiki mbili kisha kikapewa fedha za Dennis mwenyewe. Walikuwamo watu wasiohusiana na masoko kabisa, akiwamo mbunifu wa michezo ya mezani. Dennis alikuwa ametoka kuona shamba la kufugia kasa nchini Singapore, akasema atakuza wafanyabiashara kama wale wanavyokuza kasa, na wanafunzi wakaitwa Kasa hadi leo.

Sasa hesabu. Tuseme una akaunti ya dola 1,000,000 na unatazama mafuta ghafi, ambayo mkataba mmoja ni mapipa 1,000. Kabla ya kufikiria kununua, unapima bei inayumba kiasi gani kwa siku. Kwa kila siku unachukua tofauti kati ya bei ya juu na ya chini, ukihesabu pia pengo na bei ya kufungia ya jana kama lipo, kisha unatafuta wastani wa siku 20. Kasa walikiita kipimo hicho N. Tuseme N ya mafuta ni senti 50. Kwa mkataba wa mapipa 1,000, hiyo ni dola 500 za kuyumba kwa siku ya kawaida. Kanuni inasema fungu moja la biashara liwe na ukubwa ambao N moja ni sawa na asilimia 1 ya akaunti. Asilimia 1 ya akaunti yako ni dola 10,000. Ukigawanya kwa 500 unapata mikataba 20. Hilo ndilo fungu. Kama ungekuwa unatazama bidhaa inayoyumba maradufu, ungepata mikataba 10, na kwa hiyo mafungu mawili ya bidhaa tofauti kabisa yangekutikisa kwa kiasi kinacholingana. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu bora ya mfumo mzima, na cha kushangaza ni kwamba wasimuliaji wengi huiruka.

Bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, tuseme dola 30, unanunua fungu la kwanza. Papo hapo unaweka kikomo cha hasara umbali wa N mbili, yaani dola 29. Bei ikifika huko unatoka bila mjadala, na umepoteza dola 1 mara mapipa 1,000 mara mikataba 20, sawa na dola 20,000, asilimia 2 ya akaunti. Bei ikipanda kwa nusu ya N, yaani hadi dola 30.25, unaongeza fungu la pili, 30.50 la tatu, 30.75 la nne, na hapo unasimama, kwa sababu bidhaa moja haikuruhusiwa kuzidi mafungu manne. Kila unapoongeza, kikomo cha mafungu ya nyuma husogezwa juu kwa nusu ya N. Ukiwa na mafungu manne, kikomo cha yote ni dola 29.75. Bei ikiporomoka hadi hapo, la kwanza limepoteza senti 25 kwa pipa, la pili 50, la tatu 75, la nne dola 1. Jumla ni dola 2.50, mara 1,000, mara 20: dola 50,000. Asilimia 5 ya akaunti imekwenda katika biashara ambayo mwanzoni ilionekana nzuri. Wanafunzi wako watauliza kwa nini mtu akubali hilo. Wajibu kwamba bei isipoporomoka una mikataba 80, na kutoka kwa faida hakufanyiki mpaka bei ishuke chini ya kiwango cha chini cha siku 10, kwa hiyo mwendo mrefu unaweza kukulipa mara nyingi ya hizo dola 50,000.

Palikuwa na mfumo wa pili wa polepole zaidi, wa kuingia kwa kilele cha siku 55 na kutoka kwa kiwango cha siku 20. Kuuza kulifanywa kwa kanuni zilezile zikiwa zimepinduliwa: unauza kwanza, kisha unanunua kwa bei ya chini kufunga mkataba. Mwishoni mwa mwaka 1985 mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa kwa zaidi ya dola 30 kwa pipa, na miezi michache baadaye, mwaka 1986, yalikaribia dola 10. Ni kwa safari kama hiyo kanuni hizi zilitungwa. Na kulikuwa na sharti la kujihami ambalo utalipenda: akaunti ikipungua kwa asilimia 10, ukubwa wa mafungu ulihesabiwa kana kwamba imepungua kwa asilimia 20.

SWALI: Ndugu Mhariri, kama kanuni hizi zinajulikana hadharani, kwa nini kila mtu si tajiri? Ama hazifanyi kazi, ama mnatuficha jambo.

JIBU: Hatufichi, ndugu msomaji, ila ni kweli kwamba tulilipita haraka. Chukua biashara 10 za mfano. Sita zinapoteza kipimo kimoja kimoja. Tatu zinapata kimoja kimoja. Moja inapata vipimo vinane. Ukijumlisha umepata vitano juu, na wewe ni hodari. Sasa iondoe ile moja, kwa sababu ilipotokea dalili yake ulikuwa umekwisha kupoteza mara nne mfululizo na ukaamua kupumzika. Umepoteza vipimo vitatu, na utaapa kwamba kanuni ni uongo. Wafuata mwelekeo wengi hukosea mara nyingi kuliko wanavyopatia, na faida ya miaka hukaa ndani ya biashara chache ambazo hakuna ajuaye mapema zitakuwa zipi. Isitoshe, anayepoteza nusu ya mtaji anahitaji kupata asilimia 100 ya alichobakiwa nacho ili arudi alipoanzia.

Dennis mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1988, baada ya hasara nzito zilizokula takriban nusu ya fedha za mifuko ya umma aliyoisimamia, alitangaza kuacha kazi hiyo. Baadhi ya wanafunzi wake walidumu kuliko yeye. Jerry Parker alianzisha Chesapeake Capital mwaka huohuo wa 1988 na akaendelea na kazi kwa miongo. Parker na mwalimu wake walikuwa na kanuni za ukoo mmoja. Walitofautiana katika kiasi cha hatari walichokibeba kwa kila biashara, na mwanafunzi alibeba hatari ndogo kuliko mwalimu.

Wataalamu wa vyuo vikuu walikuwa wakiidharau biashara hii, kwa hoja kwamba bei ya leo imekwisha kumeza habari zote zilizopo na kwamba bei za jana hazina cha kukuambia. Hoja hiyo ina nguvu, lakini mwaka 2012 Tobias Moskowitz, Yao Hua Ooi na Lasse Pedersen walichapisha utafiti juu ya mikataba 58 ya hisa, sarafu, bidhaa na hati fungani, wakaonyesha kwamba iliyopanda katika miezi 12 iliyopita ilielekea kuendelea kupanda kwa muda, na iliyoshuka vivyo hivyo. Wanaoeleza sababu husema kwamba watu huchelewa kuamini habari mpya, kisha wakishaamini huamini kupita kiasi. Benki kuu na wakulima wanaojikinga nao hununua na kuuza kwa sababu zisizohusiana na kutafuta faida ya haraka.

Mwaka 2008, wakati hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zilipoteza asilimia 37 hata baada ya kuhesabu gawio, wafuata mwelekeo wengi walipata faida, kwa kuwa mifumo yao ilikuwa imeuza hisa na kununua hati fungani. Wateja wakamiminika. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2013 bei zikawa zinapanda leo na kushuka kesho, faida zikakauka, na wengi wa wale waliomiminika wakaondoka kabla ya mwaka 2014 uliowalipa waliobaki. Mwaka 2022, hisa na hati fungani ziliposhuka pamoja, mifumo ikavuna tena. Swali lako, kwa nini kila mtu si tajiri, lina jibu lake katika tarehe hizo za kuingia na kutoka.

SWALI: Mhariri, kuna mtu ananiuzia roboti ya simu inayofuata mwelekeo, na anaahidi faida kila mwezi. Anasema imejengwa kwa kanuni za hao Kasa. Ninunue?

JIBU: Ahadi ya kila mwezi ndiyo inayomuumbua. Hakuna hata mmoja kati ya watu tuliowataja leo aliyepata faida kila mwezi kwa njia hii, na kanuni zenyewe zinategemea kupoteza kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mwulize mambo mawili. Kwanza, akaunti ya roboti hiyo iliwahi kushuka kwa kiasi gani kutoka kilele chake, na ilichukua muda gani kurudi? Akijibu kwamba haijawahi kushuka, mazungumzo yameisha. Pili, inafanya biashara katika masoko mangapi? Kasa walifuata masoko zaidi ya 20 kwa pamoja, kuanzia kahawa hadi hati fungani, kwa sababu soko moja linaweza kukaa mwaka mzima bila mwelekeo wowote. Roboti inayong'ang'ania sarafu mbili, kwa fedha za mkopo za dalali na kwa gharama inayokatwa kila unapoingia na kutoka, imechukua jina la Kasa ikaacha hesabu yao, hasa ile ya asilimia 1 ambayo tumemweleza dada mwalimu hapo juu.

SWALI: Mhariri, mmemsahau Jim Simons, aliyewashinda wote.

JIBU: Hatukumsahau, tulimwacha kwa makusudi. Simons, mwanahisabati aliyewahi kufanya kazi ya kuvunja misimbo ya siri na kufundisha chuo kikuu, aliianzisha kampuni ya Renaissance Technologies mwaka 1982 na mfuko wa Medallion mwaka 1988, na hadi alipofariki mwaka 2024 hakuna mfuko unaojulikana uliokuwa na rekodi kama ya Medallion. Alifuata kanuni kwa ukali kuliko Donchian, hilo tunakubali, na katika miaka yake ya mwanzo alijaribu pia kufuata mwelekeo. Lakini kilichomtajirisha kilikuwa biashara nyingi mno za muda mfupi, kila moja ikiwa na faida ndogo sana, jambo linalokaribia kuwa kinyume cha kungoja mwendo mmoja mrefu ulipie hasara za mwaka. Kanuni zake hazijachapishwa, na mfuko wenyewe ulikwisha kuwarudishia watu wa nje fedha zao na kubaki wa wafanyakazi wa kampuni.